Julian wa Norwich: kitabu cha kusoma ukiwa umechoka kuambiwa "kazi ya Mungu haina makosa"

Nimekimaliza tena hiki kitabu na safari hii nimeona niandike kabisa, maana kila nikikitaja mtu ananiuliza ni kitabu cha namna gani na mi naishia kusema we kisome tu utaona, jibu ambalo halimsaidii mtu anayetaka kujua atoe hela yake ama aache. Kinaitwa Revelations of Divine Love, yaani mafunuo ya upendo wa Mungu, aliyekiandika ni mwanamke Mwingereza wa karne ya 14 tunayemwita Julian wa Norwich. Jina lake halisi halijulikani mpaka leo, hilo la Julian inawezekana limetokana na kanisa la Mtakatifu Julian pale mjini Norwich, alikoishi maisha ya kujifungia kwenye chumba kilichoshikana na ukuta wa kanisa, anasali, na watu wenye mizigo yao wanakuja dirishani kuongea naye. Ndiye mwanamke wa kwanza anayejulikana kuandika kitabu kwa lugha ya Kiingereza. Ila hayo ni ya historia, mi nataka kuongelea kinavyofanya kazi kwa mtu ambaye anaumia na imani yake imeanza kuyumba, kwa sababu hapo ndipo mi nilipokutana nacho.

Tuwe wakweli, sisi Wakristo tukimkuta mwenzetu kwenye shida tuna haraka. Tunataka atoke kwenye majonzi kabla hatujaaga. Tunamwambia Mungu ana makusudi yake, tunamwambia Bwana alitoa na Bwana ametwaa, na tunasahau kwamba yale maneno aliyasema Ayubu mwenyewe, kwa kinywa chake, juu ya watoto wake mwenyewe, hakuna jirani aliyekuja kumsomea. Wale marafiki walipokuja walikaa chini naye kimya siku saba kwanza na mambo yaliharibika walipofungua midomo. Sasa Julian ni mwandishi ambaye hana hiyo haraka kabisa. Anaongelea upendo wa Mungu mwanzo mpaka mwisho lakini hakukimbizi, na swali lako hakunyang'anyi.

Na huyu sio mtu aliyekulia kwenye raha akaandika mambo mazuri. Tauni kubwa ilifika Norwich mwaka 1349 akiwa mtoto wa miaka kama sita hivi, ikarudi tena baadaye akiwa kijana. Ulaya ilikuwa vitani, mwaka 1378 Kanisa likagawanyika hadi kukawa na mapapa wawili kila mmoja anasema mimi ndiye, mwaka 1381 wakulima wakaasi na askofu wa Norwich mwenyewe akashika silaha kuwazima. Cha ajabu hamna hata kimoja kati ya hivyo anachokitaja, tauni haitaji hata mara moja. Lakini ukishajua amepita wapi unasoma kila sentensi kwa namna nyingine, kwa sababu mtu aliyeona wafu wengi namna hiyo akikwambia Mungu ni upendo hujisikii kama unaimbiwa pambio.

Kisa chenyewe kiko hivi. Mei 1373, akiwa na miaka thelathini na nusu, aliugua mpaka akapewa sakramenti za mwisho. Mwili ukawa umekufa ganzi kuanzia kiunoni kushuka chini. Padri akaja na msalaba akauweka mbele ya uso wake, chumba kikawa giza machoni pake isipokuwa ule msalaba tu, na hapo yale maumivu yakamtoka ghafla akaanza kuona. Alipata maono kumi na sita, kumi na tano kuanzia alfajiri mpaka mchana umeenda, na la mwisho usiku uliofuata. Aliandika mara mbili, kwanza maandishi mafupi, halafu baada ya kutafakari miaka mingi mno akaandika yale marefu yenye sura 86.

Kuna kitu kidogo kwenye yale maandishi mafupi ambacho kwangu ni kati ya vitu vizito kuliko vyote, na kwenye yale marefu amekitoa. Mama yake alikuwa amesimama pale kitandani pamoja na wengine. Akaona mwanae ametulia, akadhani ameshakata roho, akanyoosha mkono amfumbe macho. Julian anasema hilo lilimwongezea uchungu, kwa sababu alikuwa anamwangalia Kristo na hakutaka azuiwe kumwona. Hebu kaa hapo kidogo. Mama analia amepoteza mtoto na wakati huohuo mtoto yuko hai anaona kitu ambacho hakuna mtu mwingine mle chumbani anakiona. Mtu ukiwa umewahi kukaa pembeni ya kitanda cha mgonjwa usiku mzima hujui ndani yake kunaendelea nini, hujui anasikia ama hasikii, hayo mistari michache yanakukamata koo.

Halafu linakuja lile la mashaka, na hapa ndio mi nasema kitabu hiki ni cha kweli. Baada ya yale maono kumi na tano maumivu yalimrudia. Akaingia mtawa mmoja kumjulia hali, akamuuliza unaendeleaje, Julian akajibu kwamba leo amekuwa anaweweseka. Yule mtawa akacheka kwa sauti. Julian akamwambia msalaba uliokuwa mbele yangu niliona kama unatoka damu sana, na yule mtawa uso ukabadilika hapohapo, akawa makini, akashangaa. Ndipo Julian akaona aibu, kwa sababu yule ambaye hakuona chochote ameyachukulia kwa uzito na yeye aliyeonyeshwa siku hiyohiyo ameshayaita maruweruwe. Angeweza kabisa kulificha hilo, nani angejua? Ila ameliandika. Kwa hiyo ukiwa ni mtu uliyewahi kuguswa na Mungu waziwazi halafu wiki ijayo unajiuliza kama ulijidanganya tu, kaa na huyu dada, yeye haikumfikisha hata wiki.

Na kilichofuata sio adhabu. Usiku aliota shetani anamkaba koo, akaamka anasikia harufu ya moshi, na baada ya hapo ndio likaja ono la kumi na sita ambalo linayathibitisha yote yaliyotangulia. Humo anaelewa kwamba Bwana hakumwambia hutapata dhoruba, hutachoka, hutasumbuka, alimwambia hutashindwa. Basi. Hiyo ni ahadi tofauti sana na zile tulizozoea kutangaziwa kwenye maspika, na mi naona ndiyo inayolingana na Warumi 8, kwa sababu Paulo naye pale anataja dhiki na njaa na upanga kama vitu ambavyo vipo kabisa, anachokataa ni kwamba vinaweza kututenga na upendo wa Mungu.

Sehemu maarufu watu wanayoijua ni ile ya kitu kidogo cha mviringo kiganjani, kama ukubwa wa njugu, akaambiwa ndicho kila kilichoumbwa, akashangaa kinawezaje kuendelea kuwepo maana kilionekana kama kingeweza kutoweka tu, akajibiwa kipo kwa sababu Mungu anakipenda. Ni nzuri, imehubiriwa sana, sitakaa hapo.

Mi nataka mtu asome sura ya 15. Hapo Julian anapewa furaha na amani ya ajabu mpaka anaona hakuna cha kumsumbua duniani, halafu ghafla inaondoka anabaki mzito, amechoka na maisha, hana hata uvumilivu wa kuishi. Halafu furaha inarudi. Halafu uzito unarudi. Anasema ilikuwa inabadilishana hivyo mara kama ishirini. Katika furaha angeweza kusema na Mtakatifu Paulo hakuna kitakachonitenga na upendo wa Kristo, na katika uzito angeweza kusema na Petro Bwana niokoe naangamia. Na anasema wazi kwamba ule uzito haukuja kwa sababu ametenda dhambi, haikuwa hata na nafasi ya kutenda dhambi, ilikuwa ghafla mno. Jamani hilo neno ni dawa. Wangapi wamekaa na sonona kanisani wakiambiwa wachunguze wametenda nini, watubu nini, kuna mlango gani wamemfungulia adui? Huyu mwanamke zaidi ya miaka mia sita iliyopita anasema sio kila giza ni hukumu, Mungu anakushika vilevile ukiwa juu na ukiwa chini, na hisia zako sio kipimo cha yeye yuko wapi.

Sasa tuje kwenye ile sentensi ambayo imebandikwa kila mahali, kwenye vikombe, kwenye picha za maua, ile ya kwamba yote yatakuwa vyema. Iko sura ya 27. Ukiitoa hapo ukamtumia mtu aliyezika mtoto wake asubuhi umemtendea vibaya na umemtendea vibaya Julian pia, kwa sababu kwenye kitabu sio kauli ya kufungia mjadala. Ni jibu alilopewa alipokuwa anauliza kwa nini dhambi haikuzuiwa tangu mwanzo, na yeye halikumtosha! Sura mbili mbele, ya 29, anarudi kwa Bwana anamuuliza tena kwa huzuni, yatakuwaje vyema na madhara yaliyoingia kwa viumbe wako ni makubwa hivi? Anabishana kwa heshima lakini anabishana. Anajibiwa kidogo, anauliza tena. Sura ya 32 anaambiwa kuna tendo ambalo Mungu atalifanya siku ya mwisho litakalotengeneza yote, na ni lipi na litakuwaje hakuna kiumbe anayejua, limefichwa. Sura ya 35 anauliza juu ya mtu fulani ampendaye kama ataendelea kuishi vizuri, swali ambalo kila mzazi analo, kila mtu mwenye ndugu aliyepotea analo, na hajibiwi hilo. Anaambiwa mwangalie Mungu kwa ujumla wake. Mi mara ya kwanza kusoma hapo nilikasirika, niliona amenyimwa. Ila amenyimwa na ameendelea kupenda, na ameiandika hiyo kunyimwa bila kuipaka rangi.

Sura ya 51 ndiyo moyo wa kitabu kwa maoni yangu. Ni mfano wa bwana na mtumishi wake. Bwana ameketi kwa amani, anamtuma mtumishi, na mtumishi anaondoka mbio kwa sababu anampenda, anataka sana kutimiza alichotumwa. Katika kule kukimbia anaanguka korongoni anaumia vibaya, analalama, anagaagaa, hawezi kuinuka. Julian anataja maumivu yake moja moja, michubuko, uzito wa mwili, udhaifu, akili kuchanganyikiwa, upweke, halafu anasema baya kuliko yote ni kwamba hakuweza kugeuza uso wake amwone bwana wake, na bwana alikuwa karibu naye kabisa. Karibu kabisa. Hakuwa ameondoka, hakuwa amekasirika, alikuwa anamwangalia kwa huruma na anafikiria atamlipaje kwa yale maumivu aliyoyapata kwa ajili yake. Julian anatafuta kosa la kumlaumu yule mtumishi halioni, kilichomwangusha ni mapenzi yake mema na haraka yake.

Huo mfano alipewa mwaka 1373 na hakuuelewa, ndio maana kwenye maandishi mafupi haupo. Alikaa nao karibu miaka ishirini, ikapungua miezi mitatu tu, anarudia kila kitu, bwana ameketije, nguo zake rangi gani, mtumishi amesimamaje, kanzu yake imechakaaje, mpaka akaona kwamba mtumishi ni Adamu, yaani sisi sote, na papo hapo ni Kristo, ambaye naye alianguka, tumboni mwa Bikira, kuja kutuchukua korongoni. Hamna wasiwasi Mungu hamwambii fanya haraka uelewe. Miaka ishirini!

Nilisoma hapo kipindi mama yangu anaumwa na mi nimeacha kusali, sio kwa hasira, yaani nilikuwa nafungua mdomo hakitoki kitu. Ile ya "hakuweza kugeuza uso" ilinisaidia kuliko mahubiri yote niliyotumiwa kwenye simu ule mwaka, kwa sababu ilinipa maelezo ya hali yangu ambayo hayakuwa lawama na hayakuwa uongo. Simwoni Mungu, ni kweli, na hiyo yenyewe ni sehemu ya maumivu, haimaanishi hayupo. Mama hakupona. Kitabu hakikuniahidi atapona.

Na kwa wale ambao sala imekauka kuna sura ya 41 inayosema uombe hata kama husikii ladha yoyote, hata kama huoni chochote, hata kama unaona huwezi, kwamba sala ya namna hiyo ya ukavu inampendeza Mungu sana. Fupi lakini nimeirudia mno.

Mapungufu, au tuseme mambo ya kujiandaa nayo. Damu ni nyingi. Sura za mwanzo anaelezea damu ya taji ya miiba ikitiririka matone mazito, na sura za 16 na 17 anaelezea mwili wa Kristo ukikauka msalabani, ngozi, midomo, upepo baridi, kwa undani ambao mtu mwenye moyo mwepesi au aliyetoka kuuguza juzijuzi anaweza kushindwa. Mi nasema ukiona nzito ruka, utarudi. Halafu anajirudia sana, anazunguka jambo moja kurasa na kurasa, ukitaka hatua tano za kushinda huzuni hapa hamna. Kuna sura kuanzia ya 58 hivi ambako anamwita Kristo mama yetu, na najua wengine watashtuka, ila kabla hujakifunga soma Isaya 66:13 na yale maneno ya Bwana mwenyewe ya kuku na vifaranga vyake kwenye Mathayo 23, yeye hajazua kitu. Anasema mama anaweza kumwacha mtoto aanguke kidogo ili ajifunze, lakini kwa upendo hawezi kukubali aangamie.

Pia kama unatafuta mtu akumalizie ubishi wa nani ataokolewa na nani hatookolewa, huyu hakumalizii. Anashika anachofundisha Kanisa na mkono wa pili anashika alichoonyeshwa, kwamba ndani ya Mungu hakuona ghadhabu, na havijamfungana vizuri na anakubali havijafungana. Wapo watakaoona huo ni udhaifu. Mi naona ni uaminifu, bora mtu anayebaki na mafundo mawili mkononi kuliko anayekata moja ili kitabu kiishe vizuri.

Kuhusu toleo la kununua. Kiingereza chake cha asili ni kigumu, usianze nacho. Kilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1670, karibu miaka mia tatu baada ya yale maono, na kikaja kusomwa na watu wengi baada ya toleo la Grace Warrack la mwaka 1901, hilo linapatikana mtandaoni bure ila lugha yake nayo ni ya kizamani. Mi natumia la wachapishaji wa Penguin la mwaka 1998 alilotafsiri Elizabeth Spearing, Kiingereza cha kawaida kabisa, na faida yake kubwa ni kwamba lina maandishi yote mawili, mafupi na marefu, kwa hiyo yule mama na mkono wake utampata. Lolote utakalochukua angalia hilo kwanza, kwa sababu yapo matoleo mengi yenye maandishi marefu peke yake.

Namna ya kusoma, usianze ukurasa wa kwanza ukasonga mpaka wa mwisho kama riwaya, utachoka sura ya kumi. Anza na yale mafupi, yanaisha kwa jioni moja au mbili. Halafu ruka moja kwa moja sura ya 51 ya yale marefu, isome polepole, ikiwezekana kwa sauti. Halafu ndio urudi sura ya 1 uende taratibu, sura moja kwa siku inatosha kabisa, nyingi ni kurasa mbili tu. Ukifika ya 86 utakuta anasema alikuwa anatamani kujua Bwana alimaanisha nini na yale yote, akajibiwa baada ya miaka kumi na tano na zaidi kwamba alimaanisha upendo, ila ukikimbilia hiyo kabla ya zile nyingine haitakuambia kitu.

Nyota nakipa tano. Kwa mtu ambaye msiba wake bado mbichi kabisa usimpelekee bado, mpelekee wewe mwenyewe ukakae naye, kitabu kitasubiri mpaka atakapoanza kuuliza.